Bega la Kushoto

Itwanga, kwa Posta ya Iringa
12 Mei 1958

Ndugu yangu Othmani bin Matano,

Amani iwe nyumbani mwako. Sisi tupo. Baridi imeanza mapema mwaka huu, na pareto imechanua kabla sijamaliza kujenga kichanja kipya cha kuikaushia. Matilda anasema tutaanika maua kitandani, sisi tulale nje. Yeye na watoto wanakusalimu, nawe mpe Mwantumu salamu zetu.

Najua nimekaa muda mrefu bila kukuandikia. Huku tumekuwa na msiba mkubwa tangu masika, na mambo ya msiba huo bado hayajakwisha. Nitakueleza tukionana, maana si mambo ya kutia katika bahasha.

Nina haja kwako. Nataka unishonee joho jeusi, la kitambaa kizito cha sufu, lenye darizi shingoni na kifuani kama lile la marehemu baba yako, ulilomshonea mwaka tuliporudi kutoka Burma, nikalala kwenu Mbeya. Mafundi wa Kihindi hapa Iringa wanashona suruali vizuri, lakini darizi ile ya mkono hawaijui, nami ya cherehani siitaki. Vipimo usiombe, unavyo. Wewe ndiwe uliyekuwa fundi wa kombania yetu katika jeshi la Keya, kila yunifomu niliyovaa kule ilipita mikononi mwako. Sijanenepa, sijakonda. Shona kwa kimo changu.

Linatakiwa kabla ya Agosti. Mpe dereva wa basi la shirika la reli, nitalipokea Iringa mjini. Gharama uniambie.

Usiniulize la nini. Ni jambo jema.

Wako,
Ezekia Kihwele


Mbeya
30 Mei 1958

Ezekia, Mhehe wa Wahehe,

Barua yako imenikuta nina pini mdomoni, nusura nizimeze kwa kicheko. "Usiniulize la nini"! Mtu tuliyekaa naye handaki moja, tukagawana sigara moja na kunguni mmoja, leo ananiambia nisiulize. Haya, siulizi. Lakini mtu hashoni joho la sufu akapalilie pareto. Nakisia Chama kimekuteua uende mahali ukaseme, na kwa kuwa huko kwenu serikali bado inawabana, huwezi kuandika waziwazi. Basi yaishe. Mdomo wangu nimeupiga pindo.

Nami nina habari. Tangu Machi mimi ni katibu wa tawi hapa Mbeya. Cheka, ukimaliza uendelee kusoma. Mtoto wa mchuuzi aliyefika Makongolosi enzi za dhahabu na bunda la kaniki kichwani, asiye na shamba wala kaburi la babu katika milima hii, leo akisimama watu mia mbili wananyamaza. Unajua nawaambia nini? Nawaambia habari ya baba yako. Ile uliyonisimulia Burma chini ya turubai, mvua ikitupiga: alivyokataa kwenda kulima barabara ya serikali, chifu wenu akamlaza barazani na kumchapa fimbo mbele ya mkewe na wanawe. Jina sitaji, nasema tu "rafiki yangu mmoja wa upande wa Iringa." Nikifika pale mama yako alipojifunika uso kwa kanga, wanawake wanalia, na kadi zinaisha mezani. Marehemu baba yako, Mungu amrehemu, ameingiza wanachama wengi kuliko mimi.

Joho nimelianza. Sufu nimeipata nzuri, nyeusi ya kweli, siyo ile ya kugeuka kahawia juani. Mwantumu ananitania kwamba hajaniona nikikaa na nguo ya mtu hivi, hata gauni lake la harusi sikulipa muda huu. Humo ndani nimetia ufundi mmoja ambao sikwambii. Siku utakapolivaa utaujua mwenyewe, utasema kumbe Othmani hajanisahau.

Gharama ni kwamba usinitajie tena gharama.

Ndugu yako,
Othmani


Itwanga
21 Julai 1958

Ndugu Othmani,

Joho limefika salama. Matilda alilitandaza mkekani, wote tukalizunguka, hata watoto. Sijui nikushukuru kwa maneno gani. Sijalijaribu. Nimelikunja vilevile ulivyolikunja wewe, nikalirudisha sandukuni lingoje siku yake.

Hongera kwa ukatibu. Najua utaifanya kazi hiyo vizuri kwa kuwa unawapenda watu, na watu wanalijua hilo.

Jambo moja nakuomba. Habari ya baba yangu usiitaje tena mikutanoni. Nilikusimulia wewe. Na nakumbuka siku ile hatukufika mwisho, maana tuliitwa gwarideni nikiwa katikati ya maneno. Tangu hapo hukuniuliza mwisho wake.

Wako,
Ezekia


Mbeya
2 Septemba 1958

Ezekia,

Jana Jaha alipita dukani kwangu. Unamjua, yule mfanyabiashara wa chumvi anayezunguka na lori. Alikuwa anatoka kwenu. Akanikalia kwenye benchi akanihadithia kama anayehadithia mechi ya mpira. Kwamba chifu wenu mzee alikufa masika, na sasa mwanawe amekalishwa kitini. Kwamba yeye Jaha alikuwa nyuma kabisa, juu ya lori, lakini aliona likitolewa joho jeusi, "lina darizi kama za kwako, fundi." Aliyelitoa ni mtu mrefu, bega moja limelala. Akamvika yule kijana, akamfunga kifungo cha shingoni, akapiga magoti mpaka paji la uso likagusa vumbi. Alipoondoka alirudi kinyumenyume ili asimpe chifu kisogo.

Nilikuwa napiga pasi. Nilimsikiliza mpaka mwisho, halafu nikamuuliza chumvi ni bei gani siku hizi. Akaniambia. Nikaendelea na pasi yangu. Mwantumu aliniuliza nina nini, nikamwambia sina kitu, na kweli sina. Nangoja hasira, haiji. Tangu jana nipo kama mtu aliyeukalia mguu wake mpaka ukafa ganzi.

Sitaki kukutukana. Nataka uniandikie kwamba Jaha amefananisha mtu.

Othmani


Itwanga
19 Septemba 1958

Othmani,

Jaha hakufananisha.

Nilipaswa kukuambia joho ni la nani. Niliogopa utakataa, na mkono mwingine sikuutaka uguse nguo ile. Huo ni uongo wangu, nao nimeubeba.

Kwetu mwili wa Mtwa, huyo mnayemwita chifu, haupimwi kwa kamba. Anapimwa mtu mwingine wa kimo chake, na mtu huyo ndiye anayemvika siku ya kukaa kitini. Aliyepimwa halivai vazi lile hata mara moja, akilivaa limeharibika, Mtwa hawezi kulivaa tena. Ndiyo sababu sikulijaribu. Wala hachaguliwi kwa kimo tu. Sharti atoke katika nyumba yenye kinyongo na kiti. Mtwa akifa, wazee hukaa wakaulizana, tumemkosea nani? Nyumba ikitajwa, mtoto wa nyumba hiyo huitwa. Akikubali kumvika Mtwa mpya, kinyongo kimezikwa na mzee. Akikataa, kiti kinakaa wazi mpaka aridhike. Nyumba zenye kinyongo zilikuwa nyingi, Othmani, sikufichi. Wenye kimo cha kijana yule tulikuwa wachache. Nilikubali palepale, hakuna aliyenishika mkono.

Unataka kujua kama huyu ni mimi. Ni mimi. Nataka Mtwa awepo. Nilitaka hivyo tukiwa Burma, nataka hivyo leo, na bendera ya Mwingereza ikishuka nitaendelea kutaka hivyo. Wewe ulisikia baba alichapwa, yaliyobaki ukajijazia mwenyewe.

Sasa sikia mwisho wa ile habari. Baba alikuja kufa kwa kifua, si kwa fimbo. Tukiwa tunachimba kaburi, Mtwa mzee akaja kwa miguu, bila askari, bila mtu wa kumshikia mwavuli. Akakaa chini na wajomba zangu. Akaomba jembe, akachimba mpaka shati likamganda mgongoni. Halafu akasimama, akasema watu wote wakisikia, "Huyu nilimchapa mimi. Mwanawe asimdai mtu mwingine." Mimi nilikuwa mtoto, akanitazama mimi. Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya aliyeagiza barabara ile, alikuwa ameshahamishwa. Karani aliyeandika majina ya watu naye alikuwa ameshahamishwa. Hata leo sijui waliitwa nani. Lakini Mtwa nilijua anapolala, naye alijua jina langu. Huyo katibu wenu wa kesho akinichapa, atahamishiwa Tabora, mimi nitabaki na mgongo wangu.

Siombi ukubali. Nimekwambia tu.

Ezekia


Mbeya
8 Oktoba 1958

Ezekia,

Nimesoma. Nimeelewa kila neno, na hiyo ndiyo shida yenyewe, maana nisingeelewa ningekuwa na la kukuuliza.

Mtu kamchapa baba yako, kisha kamchimbia kaburi, wewe ukaona mmeshamalizana. Sawa, baba ni wako. Umesema Mtwa alijua jina lako. Je, langu analijua nani? Kwa chifu yupi mimi nikalie? Kwa Wasafwa mimi mgeni. Kwa Wanyakyusa mimi mgeni. Pwani alikotoka baba sijapaona hata kwa picha. Chamani ndipo mahali pa kwanza nilipoulizwa jina nisiulizwe kabila. Mkikiweka kile kiti katikati ya nyumba, ninyi mtakizunguka, na mimi nitakuwa uani na watoto wangu, nikingoja kuambiwa karibu. Miaka yote niliyokaa nawe nilidhani jambo hilo umelifikiria. Kumbe nilikuwa nikilifikiria peke yangu.

Habari ya baba yako siisimulii tena. Juzi mkutanoni walinitaka niisimulie, nikasema nimeisahau.

Tafadhali usiniandikie kwa muda. Siyo kwamba nimekasirika. Mikono inashona, mdomo unahutubia, lakini mwenyewe sipo.

Othmani


Itwanga
27 Oktoba 1958

Kwa Shemeji Othmani,

Ni mimi Matilda, mke wa Ezekia. Ninaandika mwenyewe, Ezekia hajui. Nisamehe mwandiko, tangu nitoke shule ya misheni kalamu naishika mara chache.

Shemeji, joho lile halikumkaa Mtwa. Upande wa kulia lilikuwa sawa, upande wa kushoto lilianguka, na shingo ikavutika. Siku nzima ya sherehe alikuwa akilipandisha kwa mkono, kama mtu anayewashwa, na watu wote walikuwa wakimtazama. Wiki iliyofuata akaugua homa. Wazee wakalitandaza joho mkekani, wakalinganisha mabega, wakaona moja liko chini ya jingine. Mzee Anania, mkubwa wao, akasema nyumba yenye kinyongo imelipiza kisasi. Akasema, "Fimbo ya baba yake ameishonea ndani ya nguo." Halafu akatokea mtu aliyetoka Mbeya akasema fundi wa joho hilo ni mtu wa Chama, na kwenye mikutano huwa anawaliza watu kwa habari ya mtu wa Itwanga aliyechapwa na chifu. Basi hapo ikawa kama imekwisha.

Ezekia amewaambia kwamba huenda fundi alilikata kufuata bega lake bovu. Wakamjibu, fundi aje aseme mwenyewe.

Shamba la pareto tumekatazwa kuingia mpaka shauri liishe. Maua yanaoza bila kuchumwa, nikipita njiani nageuza uso. Kisimani wanawake wananipisha, siyo kwa heshima. Ibadani Ezekia anakaa benchi zima peke yake. Krismasi ikifika bila neno la fundi, tunahama, na sijui tunahamia wapi, maana yeye hajui kukaa mahali pengine. Nilimwambia akuandikie. Akasema, "Nilimdanganya mara moja, sitamwomba mara ya pili." Siku hizi anakaa anatazama kichanja kitupu.

Wanataka uje useme mbele ya Mtwa kwa magoti, kama wasemavyo wote. Najua wewe ni Mwislamu, na ni mtu wa Chama. Ningejua njia nyingine ningekuandikia hiyo.

Shemeji yako,
Matilda


Mbeya
6 Novemba 1958

Shemeji Matilda,

Barua yako nimeipata. Nimeiweka chini ya cherehani, na kila ninapokanyaga naiona.

Bega nililikata mimi, bila kuambiwa na mtu. Mumeo tangu alipopigwa na kile kipande cha bomu kule Burma, bega lake la kushoto liko chini kwa vidole viwili. Yunifomu zake zote nilizikata hivyo, ili gwarideni aonekane amesimama wima kama wenziwe. Hakuna afisa aliyewahi kujua. Joho nililishona nikijua ni la kwake, mkono wangu ukafanya ulichozoea. Huo ndio ule ufundi niliosema simwambii. Angelijaribu angeona.

Waonyeshe wazee barua hii. Nimeigonga muhuri wa tawi hapo chini, wasije wakasema umeiandika wewe.

Kuja siwezi, shemeji. Goti langu limezoea kumpigia Mungu tu. Na watu walioniweka hapa waliniweka kwa sababu nawaambia wasipige magoti. Nisamehe. Nikiisoma barua yako najitafuta machozi, siyapati, nami najionea ajabu.

Wasalimu watoto.

Othmani


Itwanga
14 Desemba 1958

Othmani,

Uliondoka bila kuaga. Nilikwenda kukutafutia maji ya kunywa, niliporudi nikaambiwa umepanda lori la mbao. Basi naandika.

Ile barua yako Mzee Anania aliitia motoni. Hakuisoma, aliona muhuri. Matilda hajawahi kulia vile mbele yangu, ndipo nami nikajua kwamba mmekuwa mkiandikiana. Kwa hiyo ulipotokea barazani na mkoba wako wa mkasi na chaki, hakuna aliyekutazamia, na mimi kuliko wote.

Nitakuandikia niliyoyaona, kwa kuwa wewe ulikuwa umeinama. Mtwa alikwambia, "Fundi, wewe ni mgeni, sema ukiwa umesimama." Mzee Anania akakohoa. Wazee wengine wakatazama chini. Ulijua kama nilivyojua mimi, kwamba ukisema umesimama, maneno yako yatakuwa ya mgeni, na maneno ya mgeni hayatanirudishia shamba. Ukaushika mkoba kifuani, ukapiga magoti. Nilikuwa nyuma yako. Niliziona soli za viatu vyako. Ya kulia ina tundu, umeliziba kwa kipande cha boksi.

Miaka mingi nimetamani watu wa Chama waje pale wapige magoti, wamjue Mtwa, naye awajue. Wa kwanza amekuja, na ni wewe. Nilingoja nione raha. Sikuona raha. Huzuni nayo sikuiona. Wajua bega langu hili ukilichoma sindano silisikii. Siku ile nilikuwa hivyo mwili mzima.

Halafu ukaniita mbele, ukanivua shati watu wakaona kovu, ukanivika joho. Wengine waliguna, maana mwiko ulikuwa umevunjika pale. Lakini nguo ilinikaa, Othmani. Mabega yote mawili yakawa sawa. Mzee Anania mwenyewe alisogea akaligusa bega kwa kidole, akarudi akaketi. Ikatosha.

Shamba wamenirudishia. Maua yaliyobaki tunachuma, si mengi. Watu wanakuja kunisalimu, na mkewe Mzee Anania ameleta kuku. Niliitwa nikae tena mahali pangu karibu na kiti, nikasema nina kazi shambani. Nataka Mtwa awepo, bado nataka, sijui kusema vingine. Lakini nikikaa pale nitakuwa natazama mahali uliposhusha magoti yako, na kwa sasa sipawezi.

Joho, kwa kuwa nimelivaa, Mtwa hawezi kulivaa tena. Wamenipa mimi. Nami nitalivaa wapi? Nalituma kwako kwa basi la reli. Lifanye utakavyo.

Ezekia


Mbeya
20 Januari 1959

Ezekia,

Joho limefika.

Habari za Itwanga zilinitangulia kufika Mbeya, kwa mdomo wa Jaha yuleyule. Kamati ikaniita. Wakaniuliza kama ni kweli katibu wao alimpigia chifu magoti. Ningeweza kuwaambia kwamba fundi anapiga magoti kutwa kucha. Kila mteja anayepimwa pindo, awe Mhindi, awe mkulima, mimi niko chini ya miguu yake na pini mdomoni. Maneno hayo nilikuwa nayo tayari, nilikuja nayo njia nzima juu ya mbao. Sikuyasema, kwa sababu siku ile sikuwa napima pindo. Nikasema ndiyo, nilipiga. Wakachukua muhuri na funguo. Katibu mpya anaitwa Andendekisye, kijana wa Kinyakyusa, anasema vizuri. Mimi nakaa viti vya nyuma, ada yangu nimelipa, namsikiliza.

Mwantumu huniuliza kama inaniuma. Namwambia bado.

Sikubaliani nawe. Ile siku bendera itakaposhuka nitakuwa nimesimama pale nikishangilia, na kile kiti chenu, Mungu akipenda, kitatolewa nje kama kitanda cha maiti. Nakwambia haya mwenyewe ili usije ukayasikia kwa muuza chumvi.

Joho lilikaa mezani siku nyingi, nikawa nalizunguka. Nikishona kingine naliona, nikifunga duka naliona. Juzi nikachukua mkasi. Darizi nimeifumua yote. Nimelikata chini ya kiuno, nimefupisha mikono ili isikusumbue ukichuma, nimetia mifuko miwili mikubwa. Sasa ni koti la mtu wa shamba, na kwa baridi ya huko kwenu sufu ile itakufaa. Bega la kushoto sikuligusa. Liko vilevile, vidole viwili chini.

Ukilipokea, lijaribu.

Othmani